Shene ya moteri inapolia: tuitengeneze sasa ao tungoje ikatike?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu walio mbali.)



Komite ilituomba, sisi watu wa tereni, tuseme juu ya motokari ya chama. Wengi mmeisikia ile sauti asubuhi, shofere anapowasha: "krrrrr", sawa mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Mwezi uliopita ilikuwa sekunde mbili, halafu inanyamaza. Sasa inaendelea mpaka moteri ipate joto, na kwenye mlima inarudi. Fundi alisikiliza, akasema neno moja: shene.

Tangu siku hiyo maneno ni mengi. Kuna wanaosema: "Iko inalia kidogo tu, itazoea." Kuna wanaosema tuiuze haraka kabla haijafa. Na kuna mama mmoja aliyeuliza swali ambalo hatukulisahau: "Hiyo shene ni kitu gani, mpaka mutuombe makuta yetu juu yake?" Ana haki ya kuuliza. Mtu asitoe mchango kwa ajili ya kitu asichokielewa. Basi tutaeleza kwanza shene ni nini, kisha kwa nini inachakaa, dalili zake, hesabu yake, na mwisho yale tunayopendekeza. Hatutasema maneno ya shule. Tutasema yale ambayo kila mmoja anaweza kwenda kuyaangalia kwa macho yake.

Shene ni nini

Ndani ya moteri kuna mihimili ya aina mbili inayozunguka. Ule wa chini unasukumwa na pistoni, na ndio unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ya juu, na kwenye moteri yetu iko miwili, kazi yake ni kufungua na kufunga supapu, vile vilango vidogo vinavyoingiza hewa na kutoa moshi. Mhimili wa chini ukizunguka mara 2, ya juu inazunguka mara 1. Lazima iende pamoja, sawa wapiga ngoma wawili. Kitu kinachoifunga pamoja ni mnyororo wa chuma unaofanana na ule wa baiskeli, ila wenyewe umefichwa ndani ya moteri na unaoga mafuta wakati wote. Huo ndio mafundi wetu wanauita shene.

Supapu inapofunguka inashuka ndani ya silinda. Pistoni inapopanda inafika karibu kabisa na mahali hapo. Wakati wote mnyororo uko sawa, moja inapisha nyingine. Mnyororo ukiruka meno kadhaa, ao ukikatika, pistoni inaweza kugonga supapu iliyo wazi. Supapu zinapinda, kulasi inaharibika, na pengine pistoni inatoboka. Hapo hatusemi tena juu ya shene. Tunasema juu ya moteri nzima.

Motokari zote hazina mnyororo. Nyingine zina kuruwa, yaani mkanda wa mpira. Land Cruiser nyingi za mashirika mnazoziona barabarani, zile zenye moteri ya mazuti ya 1HZ, zinatumia mkanda. Noah za zamani, zile zilizotoka kabla ya mwaka 2001 na moteri ya 3S, vilevile ni mkanda. Mkanda una tarehe yake: ukifika kilomita 100,000 ao zaidi, kufuatana na kitabu cha gari, unatolewa hata kama unaonekana mzuri. Noah yetu ni ya mtindo uliofuata, yenye moteri ya esanse ya lita 2 aina ya 1AZ, na hiyo inatumia mnyororo. Probox na Spacio nyingi zinazobeba watu kwetu, zile zenye moteri ya 1NZ, nazo ni mnyororo.

Mnyororo hauna tarehe. Ndiyo sababu watu wanasema, "Shene haibadilishwi, inaishi pamoja na moteri." Neno hilo lina ukweli nusu. Mnyororo unaopata mafuta mazuri unaweza kupita kilomita 200,000 bila shida. Mnyororo unaonyimwa mafuta unaweza kuchoka kabla ya nusu ya safari hiyo.

Kwa nini inachakaa

Wengi wanafikiri mnyororo unavutika kama mpira. Sivyo. Chuma hakivutiki hivyo. Kila kiungo cha mnyororo kina pini ndogo inayozunguka ndani ya tundu lake. Mafuta yakiwa machafu, pini inasagwa kidogo na tundu linapanuka kidogo. Tuseme kila kiungo kimekula sehemu 3 za mia za milimita, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Mnyororo ukiwa na viungo 120, vyote pamoja ni karibu milimita 3 na nusu. Hapo mnyororo umekuwa mrefu, unacheza, na mihimili ya juu inaanza kuchelewa nyuma ya ule wa chini.

Ili mnyororo usicheze kuna chuma kinachousukuma kutoka upande mmoja, mafundi wanakiita tanderi. Tanderi inapata nguvu yake kutokana na msukumo wa mafuta ya moteri. Kuna na reli za plastiki ngumu ambazo mnyororo unapita juu yake. Sasa mnaelewa kwa nini asubuhi ndiyo inalia zaidi. Usiku kucha mafuta yameshuka chini, tanderi haina nguvu, mnyororo unapiga pembeni mpaka mafuta yapande tena. Sekunde moja ao mbili si jambo la kuogopesha. Lakini ikizidi hapo, ujue tanderi imechoka, ao mnyororo umekuwa mrefu kuliko tanderi inavyoweza kufika, ao mafuta ni machache.

Kwetu kuna mambo manne yanayoua mnyororo mapema.

La kwanza ni vumbi. Njia yetu, RN5, kutoka Uvira kuelekea Baraka, wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Filtre ya hewa ikijaa ao ikipasuka, vumbi linaingia ndani ya moteri, linachanganyika na mafuta, na mafuta yanageuka kuwa jiwe la kunolea visu.

La pili ni vidanji inayochelewa. Mafuta yanapokaa sana yanakuwa mazito na meusi, yanaziba vijia vidogo vinavyolisha tanderi. Moteri yetu ya D-4 inapuliza esanse moja kwa moja ndani ya silinda. Moteri za namna hiyo zinatoa masizi mengi kuliko zile za kawaida, na esanse kidogo inateremka ndani ya mafuta. Kwa hiyo mafuta yake yanachoka upesi zaidi.

La tatu ni mafuta yenyewe. Sokoni kuna mafuta yanayopimwa kwa chupa kutoka ndani ya pipa, na hakuna anayejua yametoka wapi. Mengine ni mafuta yaliyotumika, yamechujwa tu. Kuna na yale mazito ya magari makubwa ya mazuti, watu wanayapenda juu yanapunguza kelele. Kelele inapungua, ndiyo. Lakini mafuta mazito yanachelewa kupanda asubuhi, na ni wakati huo hasa mnyororo unayahitaji. Fuata namba iliyoandikwa ndani ya kitabu cha gari.

La nne ni kiwango. Shofere anapima esanse kila siku, sababu bila esanse gari halitembei. Mafuta ya moteri hayapimi, sababu gari linatembea hata yakiwa nusu. Linatembea, lakini linajila lenyewe.

Dalili za kuangalia

Dalili ya mvua ni mawingu. Shene haifi bila kusema. Mambo haya kila mwanachama anaweza kuyaona, hata asiyejua kuendesha:

Kelele ya chuma wakati wa kuwasha, upande wa moteri ulio na mikanda, inayozidi sekunde chache. Ikiwa inaendelea hata moteri ikiwa moto, ugonjwa umekomaa.

Taa ya moteri kwenye tablo haizimi. Gari la kisasa lina vifaa viwili vinavyopima, kimoja chini na kimoja juu. Vikiona mihimili haiendi pamoja, vinawasha taa. Fundi mwenye mashine ya kusoma ataona namba kama P0016. Namba hiyo peke yake haisemi kwamba mnyororo umekwisha, kwa sababu inaweza pia kutokana na kifaa kibovu ao mafuta machafu. Lakini ikikutana na kelele, basi mashahidi ni wawili.

Nguvu inapungua mlimani, gari linatetemeka likisimama, esanse inatumika zaidi ya kawaida.

Ndani ya mafuta ya vidanji munaonekana unga unaong'aa, ao vipande vya plastiki. Vipande hivyo ni vya reli. Hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu vikifika kwenye chujio la pampu vinaziba, na moteri inakaa bila mafuta. Mkiona taa nyekundu ya mafuta inawaka njiani, msiseme "tufike kwanza Baraka." Simamisheni gari hapo hapo, zimeni moteri.

Lakini kila kelele si shene. Bati la ekzosi likilegea linalia vilevile. Mkanda wa nje, alternata, pampu ya maji, vyote vinaweza kudanganya sikio. Fundi mwangalifu anachukua bisibisi ndefu, anaweka ncha kwenye kifuniko cha moteri na mpini sikioni, anatafuta mahali sauti inapotoka. Ni kazi ya dakika 5 na haina malipo makubwa. Asiyefanya hivyo, na akawaambia tu "leteni dola", mwagie.

Panda ngazi kidato kwa kidato

Tunaomba komite isikubali kufungua moteri siku ya kwanza. Kuna ngazi, na kila kidato kina bei yake.

Kidato cha kwanza: pima mafuta. Kama yamepungua, yaongezwe, na sauti isikilizwe tena kesho yake asubuhi.

Kidato cha pili: vidanji kamili, mafuta ya galoni iliyofungwa, na filtre mpya. Wakati mwingine sauti inaisha hapo.

Kidato cha tatu: tanderi. Kwenye moteri ya aina yetu, tanderi imefungwa kwa nje kwa nati mbili, inatoka bila kubomoa moteri. Ikitolewa inasema mengi. Ikiwa ulimi wake umetoka nje karibu mpaka mwisho, maana yake mnyororo umerefuka na tanderi mpya haitasaidia sana. Ikiwa ulimi haujatoka sana lakini umekwama ao hauna nguvu, tanderi mpya yaweza kutosha. Fundi ajihadhari: tanderi ikiwa nje, mtu asizungushe moteri hata kidogo, sababu mnyororo unaweza kuruka meno.

Kidato cha nne: kubadilisha vyote. Tunasema vyote: mnyororo, tanderi, reli zote, meno yaliyolika, na mpira wa mbele unaozuia mafuta. Tuliona gari moja la kazi likitoka garaji moja ya mjini na mnyororo mpya juu ya tanderi ya zamani na reli zilizopasuka. Fakture ilikuwa ya kazi nzima. Kabla ya msimu wa mvua kwisha sauti ilikuwa imerudi, na kazi ikafanywa mara ya pili kwa makuta mengine. Mnyororo mpya juu ya meno ya zamani ni sawa kumvisha mtu kiatu kipya kimoja.

Tulipanda kidato cha kwanza na cha pili na Noah yetu. Sauti ilipungua siku tatu, ikarudi. Kidato cha tatu fundi alitoa tanderi mbele ya wajumbe wawili wa komite, na wote waliona: ulimi umefika karibu mwisho. Kwa hiyo tuko kwenye kidato cha nne. Hakuna tena njia ya kuzunguka.

Hesabu

Tumeketi na mafundi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na haya ndiyo makisio tuliyoyaweka pamoja. Yamebandikwa ukutani pale ofisini, kila mtu aende akasome.

Kutengeneza sasa: vipande vyote pamoja, dola 190. Kuvileta kwa boti kutoka Kigoma mpaka Kalundu, dola 15. Mafuta na filtre, dola 35. Kazi ya fundi, siku 2, dola 120. Jumla dola 360.

Kungoja ikatike: moteri iliyotumika, dola 900. Kazi ya kutoa na kufunga, dola 150. Mafuta na vitu vidogo, dola 60. Jumla dola 1,110, na gari linasimama wiki 3 ao zaidi. Na moteri iliyotumika nayo ina mnyororo wake wa zamani ambao hatujui historia yake.

Angalieni hizo namba mbili. Ya pili ni zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta una bei.

Lakini si bei tu. Mnajua gari hili linafanya kazi gani. Linabeba mihogo na dagaa za mama zetu siku ya soko. Linabeba mgonjwa usiku kumpeleka hospitali. Shene haichagui saa ya kukatika. Mara nyingi inaruka wakati wa kuwasha ao wakati moteri inavuta kwa nguvu, yaani usiku tunapoharakisha mgonjwa, ao kwenye mlima tukiwa na mzigo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akiachwa katikati ya njia, atamalizia safari juu ya pikipiki. Hatutaki kuiweka hesabu hiyo katika dola.

Juu ya kuuza

Ndugu wengine wamependekeza tuiuze. Kuuza si kosa, ni haki ya chama. Lakini tuseme ukweli wote. Kuna njia ya ujanja inayojulikana: mtu anamwaga mafuta mazito, sauti inalala siku mbili, mnunuzi anakuja mchana moteri ikiwa tayari ya moto, anasikia kimya, analipa. Wiki inayofuata analia peke yake.

Mnunuzi huyo atakuwa nani? Atakuwa mtu wa Uvira, wa Makobola, wa Baraka. Atakuwa mtu aliyerudi kama sisi, labda aliyekula uji mmoja na sisi kule Nyarugusu ao Lugufu. Chama kilichoundwa ili tusaidiane hakiwezi kumuuzia jirani ugonjwa unaojulikana. Tukiuza, tuuze kwa kusema wazi, na bei itashuka zaidi ya zile dola 360. Kwa hesabu na kwa heshima, kutengeneza ni afadhali.

Makuta yatatoka wapi

Wanachama walioandikwa ni 120. Dola 360 kwa watu 120 ni dola 3 kwa kila mtu. Tunajua dola 3 si kitu kidogo kwa mwenye watoto 6 na shamba lililoliwa na mafuriko. Tunapendekeza dola 1 kila mwezi kwa miezi 3, ao franka zenye thamani hiyo. Sanduku la chama litangulize sasa, ili kazi isingoje. Wajane na wazee wasiojiweza wasihesabiwe, na sehemu yao ibebwe na wale wenye kazi ya mshahara, pamoja na sisi watu wa tereni.

Lakini mchango wa leo ni dawa ya leo. Tunataka tusikutane hapa tena kwa ajili ya jambo hilohilo. Fanyeni hesabu hii pamoja nasi. Gari linatembea karibu kilomita 400 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni kilomita 20,000 kwa mwaka. Tukifanya vidanji kila kilomita 5,000, ni mara 4 kwa mwaka. Mara 4 kwa dola 35 ni dola 140. Tukiweka akiba ya kazi ya shene kila kilomita 100,000, yaani kila miaka 5, ni dola 72 kwa mwaka. Jumla ni dola 212. Gawanyeni kwa kilomita 20,000: ni senti 1 kwa kilomita, na kitu kidogo juu yake.

Kutoka Uvira mpaka Baraka ni karibu kilomita 90. Maana yake, kwa kila safari ya kwenda, dola 1 ikiwekwa pembeni, na kwa kila safari ya kurudi dola 1 nyingine, moteri inajilipia yenyewe. Dola 1 kwa gari zima, si kwa kila abiria. Abiria mmoja hataona tofauti kwenye tikiti yake. Chama kitaiona.

Tunayopendekeza

Tumeyaandika kwa ufupi ili mkutano uyapigie kura, moja moja.

Moja. Gari lisiende safari yoyote mpaka litengenezwe. Kwa mgonjwa wa dharura, komite ikodi gari lingine. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko moteri.

Mbili. Vipande vinunuliwe na watu wawili, fundi na mjumbe wa komite, na fakture iletwe. Mnyororo wa bandia uko mwingi, na boksi zuri si ushahidi. Walinganishe na ule wa zamani: idadi ya viungo, upana, na alama. Vipande vya zamani vyote virudi ofisini ndani ya mfuko, wanachama wavione. Fundi asiyetaka kurudisha cha zamani, tujiulize kama alikitoa.

Tatu. Wakati wa kufunga, mjumbe awepo. Mnyororo una viungo vyenye rangi, na meno yana alama. Rangi lazima ikutane na alama. Kabla ya kuwasha, fundi azungushe moteri kwa mkono na ufunguo, mizunguko 2 kamili. Ikigoma mahali, asilazimishe, afungue tena. Kuzungusha kwa mkono hakuharibu kitu. Kuwasha kwa ufunguo wa gari moteri ikiwa imefungwa vibaya kunaweza kuharibu vyote kwa sekunde moja.

Nne. Kuwe na daftari ndani ya gari. Shofere aandike kila asubuhi kiwango cha mafuta ya moteri, na kila vidanji: tarehe, kilomita, aina ya mafuta, na bei. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shofere asilaumiwe kwa kusema kwamba kuna sauti. Alaumiwe kwa kunyamaza.

Tano. Kuwe na kisanduku cha moteri, mbali na sanduku la chama. Dola 1 kila safari. Ufunguo uwe kwa watu wawili, na hesabu isomwe kila mkutano. Makuta hayo yasikopeshwe, hata kwa ajili ya kilio. Kwa kilio tuna sanduku lingine.

Neno kwa wafadhili

Kwenu nyinyi mliotusaidia kupata gari hili, tunawaambia asante, na tunaongeza neno moja kwa heshima. Miradi mingi ina mstari wa kununua gari. Ni michache yenye mstari wa kulitunza. Matokeo yake mnayajua, yamelala kando ya njia na nyuma ya ofisi nyingi: magari yenye nembo nzuri milangoni, majani yameota kati ya magurudumu. Mengi hayakuuawa na ajali. Yaliuawa na vidanji ambayo haikuwa na bajeti.

Hatuombi mlipe shene hii. Wanachama watailipa, na risiti mtaziona katika gazeti hili toleo lijalo. Tunaomba kwamba katika makubaliano yajayo, kila kitu chenye moteri, iwe gari, iwe mashine ya kusaga, iwe boti, kiandikwe pamoja na gharama ya kukitunza kwa miaka 3 ya kwanza, na pamoja na siku chache za kufundisha vijana wetu kazi ya ufundi. Tunao vijana waliojifunza mekaniki kule kambini Tanzania na hawana vifaa. Funguo kamili na mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni bei ndogo kuliko moteri moja iliyokufa.

Mwisho

Ndugu zetu, fundi yuko tayari. Boti ya Kigoma inaondoka wiki ijayo, na mtu wa kwenda kununua amejitolea bila kudai posho, anaomba nauli tu. Kinachobaki ni mikono yenu kupanda ao kushuka. Kama kuna aliye na swali juu ya hesabu, aulize sasa, mbele ya wote, na mtunza sanduku atafungua daftari.